Mhandisi wa Ukoo

Ukihitimu uhandisi wa umeme, ukoo mzima umehitimu. Shahada yangu ni moja, lakini shangazi anaitumia kwa friji, jirani kwa pasi, mchungaji kwa spika za kanisani. Vyuo vikifunguliwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza huletwa kwangu pamoja na vifaa vibovu.

Safari hii aliletwa mtoto wa dada. Amepangiwa ujenzi, anataka umeme, na dirisha la kuhama kozi lilikuwa bado wazi. Kikao kilikaa sebuleni kwao. Mwenye masomo alipewa kiti cha plastiki pembeni, kama mshitakiwa.

Baba yake alitaka abaki ujenzi. Ana kiwanja Kibaha na nondo zinazoshika kutu. Shangazi alitaka umeme, na sababu yake ilikuwa ikinguruma jikoni. Baba mdogo, mwenye daladala mbili, aliona nchi haitaendelea bila makanika mwenye digrii. Nilipotaja uhandisi kemikali, bibi akauliza kama mtoto atatengeneza sabuni tu au na dawa ya panya.

"Wewe umeupendea nini umeme?" nikamuuliza mwenyewe.

"Bwawa la Julius Nyerere, Anko! Megawati 2,115!"

Nikamwambia mitambo pale ni 9, kila mmoja megawati 235, lakini hakuna anayeanzia hapo. Utaanzia karakana: unapewa kipande cha chuma, jiliwa na tupa, usugue mpaka pembe ikae sawa. Mwalimu anabandika guni, anachungulia dhidi ya dirisha. Mwanga ukipenya, rudi kwenye jiliwa, malengelenge na yote. Wa ujenzi wao humwaga zege kwenye vibati, wakaliloweka majini siku 28, kisha wakalivunja kwa mashine. Na shahada ikishapatikana, Bodi ya Usajili wa Wahandisi bado inataka ufanye kazi miaka kadhaa chini ya mkubwa ndipo ikutambue kuwa mhandisi kamili.

"Kwa hiyo usichague kozi kwa picha za uzinduzi," nikamalizia. "Anayekata utepe si mhandisi. Kawaangalie wa mwaka wa tatu maabara, uone kila kozi inavyochosha, uchague uchovu ambao kesho yake ungeurudia kwa hiari."

Kabla hawajanielewa, nyumba ikawa giza. Macho yote yakanigeukia. Shangazi akaniletea bisibisi. Nikatoka hadi kwenye mita: LUKU imekwisha. Nikanunua umeme kwa simu, nikaingiza tarakimu, taa zikawaka, wakapiga makofi.

"Mmeona faida ya umeme?" akasema shangazi. "Sasa baba, ukiwa umesimama hivyo hivyo, litazame na friji."

Nikiwa nimepiga magoti nyuma ya friji, kijana akachuchumaa kando yangu.

"Anko, nabaki ujenzi," akaninong'oneza. "Kiwanja cha baba ni kimoja tu."