Gauni Lililolia

Juzi jioni shangazi wa bwana harusi alisimama mbele ya kioo changu, akageuka kulia, akageuka kushoto, na gauni likalia. Pii, pii. Akaganda. Nikakohoa kwa nguvu, mbinu ambayo kila fundi anaijua: uzi ukikatika mgongoni mwa mteja, unakohoa. Gauni likalia tena, safari hii chini zaidi, usawa wa goti.

"Fundi," akasema, macho hayatoki kwenye kioo, "hiki kitenge umekitia nini?"

"Ni bitana, mama. Bitana mpya huwa ina sauti."

Bitana mpya ina sauti kweli, ila ni ya kuchakacha. Haina sauti ya njaa. Kwenye benchi walikaa mashangazi wenzake wakisubiri zamu ya kujaribu sare zao, na wote wakainua vichwa. Mmoja wao, mwembamba, mwenye lafudhi ya Tanga, akainama kidogo, akatega sikio, akasema kwa upole wote wa kwao: "Dada, gauni lako lina mtoto."

Naomba ieleweke jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa, kwa sababu mtaani linasimuliwa vibaya. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, upindo haujafungwa, na kitenge kikiwa bado hakijaungana na bitana kule chini, katikati panabaki njia. Chini ya upindo palikuwa na boksi la vipande vya vitambaa, jirani na pasi, ili vifaranga walioanguliwa asubuhi ile wapate joto. Mmoja akapanda vipande, akakuta mlango, ndani giza, ndani joto. Kwa akili ya mtu aliyeishi nusu siku tu duniani, alikuwa amerudi kwa mama yake. Shangazi alipolivaa gauni, akamvaa na yeye.

Kumtoa ndiko kulikonimaliza. Nilipiga magoti, nikapenyeza mkono kati ya kitenge na bitana, shangazi akashika fremu ya mlango huku akimtaja Mola. Kila nilipomkaribia, kifaranga alipanda. Goti. Paja. Kisha akafika mahali ambapo fundi mwenye adabu hupima kwa futi huku anatazama kalenda. Nikamwomba mama ainame. Mama akasema hainami. Yule wa Tanga akashauri gauni litikiswe, mwingine akashauri wasome dua kwanza, wa tatu alikuwa ameshavua miwani anafuta machozi ya kicheko. Hatimaye kifaranga akajitokeza mwenyewe shingoni, kwenye kola niliyoihangaikia sana, akamtazama mama ana kwa ana kwenye kioo. Alikuwa wa manjano, na alikuwa ameacha alama yake kwenye bitana nyeupe.

Mama akainama sasa, wakati haikuhitajika tena. Chini ya meza ya kukatia akaona boksi la mbao lenye kidirisha, taa inawaka ndani, feni inazunguka.

"Wewe ni fundi wa nguo au fundi wa kuku?"

Nikamjibu kwamba kazi zote mbili zinataka vipimo. Lilikuwa jibu zuri, lakini halikupokelewa. Sare zote za upande wa bwana harusi, zilizoshonwa na zilizokatwa tu, zikaingia kwenye begi la shangazi kaja na kuvuka barabara kwa fundi wa pili, mtu asiyejua hata kuweka zipu iliyofichwa.

Mashine yenyewe ya kutotolesha vifaranga hakuniacha niieleze, kwa hiyo naieleza hapa.

Yai la kuku linataka siku 21 na joto la nyuzi 37.5, usiku na mchana. Likizidi sana unachemsha watu. Likipungua wanachelewa, wanatoka wanyonge. Ndani kuna chombo cha maji, kwa sababu hewa ikikauka, ngozi ya ndani ya yai hukakamaa na kifaranga hushindwa kujigeuza. Na lazima mayai yageuzwe. Kiini huelea, na kiumbe hukaa juu yake; yai lisipogeuzwa, kiumbe hugandana na ngozi na kufa. Kuku mwenyewe huyageuza kwa mdomo bila semina. Sisi tunaogeuza kwa mkono tunashauriwa tugeuze mara tatu au tano kwa siku, namba isiyogawanyika kwa mbili, ili upande uliolala chini usiku wa leo usilale chini tena usiku wa kesho. Aliyefikiria hilo ni fundi mwenzangu, popote alipo.

Siku ya saba unazima taa ya duka na kulimulika yai kwa tochi. Yai lisilo na kitu linang'aa tupu. Lenye uhai lina mishipa myekundu iliyotawanyika kama uzi uliomwagika kutoka kwenye bobini, na katikati kuna nukta nyeusi inayochezacheza. Mara ya kwanza nilipoiona, mteja alikuwa mlangoni anauliza suruali yake. Sikumsikia. Atakayeniambia kwamba ningemsikia, amulike yai kwanza.

Siku ya 18 unaacha kugeuza. Kifaranga anajipanga, kichwa kikielekea upande butu, kwenye kijichumba cha hewa. Anatoboa ngozi ya chumba hicho na kuvuta pumzi ya kwanza akiwa bado ndani ya yai, kisha anaanza kulia. Wengine wanamjibu. Kwa kware, watafiti walibaini kwamba mayai yanayogusana huambizana kwa sauti za kugonga, waliochelewa wakaongeza kasi ili wote watoke pamoja. Halafu anatumia kijino kilichoota juu ya mdomo kwa kazi hiyo moja tu, anakata ganda akizunguka, na siku chache baadaye kijino kinadondoka. Kabla hajatoka anakuwa amefyonza kiini chote tumboni, kwa hiyo anaweza kukaa siku mbili, hata tatu, bila kula. Ndiyo maana vifaranga wa siku moja husafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Songea ndani ya boksi lenye matundu, na wakafika wakiwa na nguvu kuliko abiria.

Wamisri wa kale walifanya haya yote bila umeme. Walijenga matanuri ya udongo, wakayajaza maelfu ya mayai, na joto wakalipima kwa kuweka yai kwenye kope la jicho. Mimi pasi naipima kwa kidole kilicholowa mate, kwa hiyo tunaelewana. Wasichokuwa nacho Wamisri ni mgao wa umeme. Umeme ukikatika unatakiwa uifunike mashine haraka kwa kitu kizito, na dukani kwangu vitu vizito ni suti za watu. Bwana mmoja aliichukua suti yake akalalamika kwamba ina harufu ya shamba. Nikamwambia sufu ndivyo ilivyo.

Mashine niliipata kwenye semina. Semina ilikuwa bure. Kilicholipiwa ni kutoka, kwa sababu mlangoni palikuwa na meza ya mashine, na aliyepita bila kununua alitazamwa kwa huruma na dada aliyevaa fulana yenye neno FURSA. Mhamasishaji asubuhi alisema tusitegemee chanzo kimoja cha kipato. Tukapiga makofi. Baada ya chakula akasema siri ya matajiri wote ni kujikita kwenye jambo moja. Tukapiga makofi. Nilivyoandika daftarini, kauli hizo mbili ziko kwenye ukurasa mmoja na hazijapigana hadi leo.

Kisha akapiga hesabu ubaoni. Kuku kumi, kila mmoja mayai 15, vifaranga 150. Nusu majike, nao watage. Kufikia Krismasi ukumbi mzima ulikuwa unamiliki kuku wengi kuliko mkoa. Ubaoni hapana mdondo. Ubaoni mwewe hapiti, jirani hana mbwa, na pumba haipandi bei. Sijawahi kuona mfugo unaostawi kama ule wa ubaoni.

Majirani zetu wa Kenya walishaonja haya. Mwaka 2013 iliingia homa ya kware. Mayai yake yakasifiwa kwamba yanatibu karibu kila ugonjwa, na yai moja dogo lenye madoa likafika shilingi 100 za Kenya. Kware alihesabika mnyamapori, kwa hiyo watu walipanga foleni kutafuta kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS. Watu wakaacha walichokuwa wakikifanya. Ila waliokuwa wakinunua yale mayai kwa wingi hawakuwa walaji. Walikuwa watu wengine wanaotaka kuanza kufuga kware. Mradi kila wiki anaingia mfugaji mpya, mayai yana soko. Mwaka 2014 wapya wakaisha, na bei ikaporomoka mpaka watu wakabaki wakila kware wao wenyewe kwa hasira.

Hesabu hiyo haiandikwi ubaoni. Mwenye semina hafugi kuku. Anauza mashine, anauza kitabu, anauza semina inayofuata, na mifugo yake ni sisi. Hilo si la kuchekea sana. Kwenye safu yangu alikaa mama wa makamo aliyekuja na fedha za kikoba zimefungwa kwenye ncha ya khanga, na nilimwona akiifungua.

Kabla ya kuku ilikuwa vanila. Ua la vanila huchanua siku moja tu na lazima lichavushwe kwa mkono, mbinu aliyoigundua mwaka 1841 Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kwenye kisiwa cha Réunion, akafa maskini huku wengine wakitajirika. Mwaka 2018 kilo ilipita dola 500. Miche yangu ilipoota vizuri, bei ilikuwa imeshashuka, na siku ya ua nilikuwa nashona sare za shule.

Uwakala wa pesa za simu: mteja wa kwanza alitaka kutoa kiasi kikubwa kuliko floti, wa pili alikuwa tapeli.

Bodaboda: iko Kahama, na dereva.

Parachichi za Njombe: nina picha ya shamba.

Najua methali inayosubiri kwenye ulimi wa msomaji. Mshika mbili moja humponyoka. Nimeisikia kwa mke wangu, kwa shemeji, na kwa afisa mmoja aliyenitembelea dukani kutuhimiza wajasiriamali tutulie kwenye fani zetu. Afisa huyo mshahara wake unaingia mvua inyeshe, jua liwake. Cherehani haina tarehe. Januari nashona sare za shule mpaka vidole vinavimba. Idi watu wananikumbuka, Krismasi wananikumbuka, na harusi zikiwepo kuna mashangazi. Katikati ya hapo kuna miezi ambayo anayefungua mlango wangu anaomba chenji. Gauni la mtumba linaloning'inia nje ya duka la jirani linauzwa kwa bei ndogo kuliko ninavyonunua bitana na zipu. Na kodi ya pango inadaiwa miezi sita kwa mkupuo, mbele, kabla sijajua nitashona nini.

Tunaambiwa tujiajiri. Tukijiajiri tunaambiwa tuwe wabunifu, tuchangamkie fursa. Tukizichangamkia tunaambiwa hatujatulia. Mtu mwenye akiba ya mwaka mzima anaweza kutulia. Akipita muuza mashine, anamsikiliza, anamkaribisha chai, anamuaga. Mimi akinipata mwezi wa pili, benchi tupu na kodi inakaribia, huyo si kishawishi tena, ni mtu pekee aliyebisha hodi siku hiyo. Halafu anayenicheka anasema tatizo langu ni nidhamu.

Baba mwenye nyumba ndiye bingwa wa somo hili. Ana bucha, ana gesti, ana daladala mbili, ana duka la dawa ambalo kwenye kaunta huuza pia vocha na samaki wa kukaanga. Habari za gauni zilimfikia kabla mashangazi hawajafika nyumbani, na jana asubuhi akaja na kiti chake.

"Kijana wangu," akasema, "biashara ni utulivu. Shika moja."

"Nimekuelewa, mzee."

Akainama, akachungulia kwenye kidirisha. Yai moja lilikuwa limeshapasuka na mdomo unachomoza. Akatazama kwa muda mrefu, akauliza mashine inachukua mayai mangapi, kifaranga mmoja huuzwaje, na kama soko lipo. Nikamwambia ukweli wote: siku 21, nyuzi 37.5, kugeuza, kumulika, kijino. Nilimweleza vizuri kuliko nilivyowahi kumweleza mtu, na nikaona uso wake unafunguka. Nikafikiri nimepata mshirika.

Akasimama, akakunja kiti chake.

"Kumbe ni biashara kamili hii," akasema. "Basi humu ndani kuna biashara mbili, kijana wangu. Kodi ijayo tutahesabu fremu mbili."