Gitaa la Besi na Kikohozi cha Muuzaji

Mnunuzi wa gitaa la zamani hutajiwa mwaka, aina ya mbao, hata rangi ya asili. Akiuliza lilitoka kwa nani, muuzaji hushikwa na kikohozi.

Gitaa la besi la mwanamuziki Jaco Pastorius, Fender Jazz ya 1962 isiyo na freti, liliibwa New York mwaka 1986. Mwenyewe alifariki 1987 bila kulipata. Miaka 20 hivi baadaye likaibuka dukani, jijini humo humo. Familia ikadai ni lake marehemu. Aliyekuwa nalo akadai ni lake kwa fedha zake.

Mwaka 2010 Robert Trujillo, mpiga besi wa bendi ya Metallica, akatoa fedha lipate kurudi kwa familia. Wenye mali wakanunuliwa mali yao, na shukrani juu.

Mwizi, kwa uungwana wake, hajadai kamisheni.