Kicheni Pati ya Wanawake Watupu, Mashine Kwa Kijana wa Kiume

Mfyuu! Nasonya, tena kwa sauti. Nendeni kicheni pati yoyote Jumamosi, iwe Manundu au Mtonga hapa Korogwe, iwe Chanika kule Handeni mjini. Mlangoni wamewekwa mashangazi wawili, mwanamume hapiti. Baba mzazi wa bibi harusi akitaka kumwona mwanawe anaambiwa angoje nje, humu yanasemwa ya wanawake. Ndani mpishi ni mwanamke, mpambaji mwanamke, aliyeoka keki mwanamke, MC mwanamke, somo ndiye kabisa. Halafu kwenye kona, nyuma ya meza iliyofunikwa satini, amekaa kijana wa kiume na laptopu yake. Yale ambayo baba mtu amekatazwa kuyasikia, kijana huyu anayasikia yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuna anayemuuliza anafanya nini humo. Anapiga muziki. Kwani angepiga nani?

Swali hilo ndilo lililoanzisha kelele hapa kijiweni, karibu na stendi ya Korogwe, mpaka kahawa ikapoa kwenye vikombe. Nauliza kwa dhati: tangu Kabuku mpaka Mombo, nani amewahi kukodi muziki akaletewa binti mezani? Sisemi kuimba, sisemi kucheza mbele ya watu. Nasema kukaa kwenye mashine, kuunganisha nyimbo, kuamua saa ngapi watu wakae na saa ngapi wainuke. Kama yupo ajitokeze, kahawa yake nalipa mimi.

Wenzangu wa bodaboda walinijia juu. Wa kwanza akasema muziki una mizigo, spika ya besi inabebwa na watu wawili, mwanamke ataiweza wapi? Kaka, mwanamke unayemzungumzia ni wa Handeni! Wilaya ambayo kwa miaka mingi maji yake yamekuwa ya kuyafuata mbali, na aliyeyafuata ni mama mwenye ndoo ya lita 20 kichwani na mtoto mgongoni. Uzito anaujua. Tena DJ mwenyewe habebi spika. Wapo vijana wa kubeba, wanashusha, wanapanga, wanalipwa chao. Yeye anakuja na begi la laptopu na hedifoni shingoni.

Wa pili akasema usiku. Hapa nilinyamaza kidogo, maana hoja ina uzito. Sherehe ikiisha saa nane, kijana wa kiume analala juu ya spika ndani ya kirikuu mpaka kukuche, na hakuna atakayemsema. Binti alale wapi? Amsindikize nani? Hofu hiyo ni ya kweli, na mzazi anayemzuia binti yake kwa sababu hiyo simlaumu. Lakini tuangalie vizuri. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, akina mama wanauza chai na chapati stendi saa ambazo sisi tumelala, na hatujasema usiku si wao. Tena kicheni pati inaanza alasiri, kina mama wakiamua inafungwa mapema. Singo nayo, maulidi ya akina mama nayo, sherehe za kikoba kuvunja mzunguko nazo: nyingi ni kazi za jua bado lipo. Huko nako meza iko kwa kijana wa kiume. Kwa hiyo usiku unaeleza sehemu tu ya jambo hili.

Wa tatu ndiye aliyenisonyesha hasa. Akasema, "Wao wenyewe hawapendi."

Mwanangu, udijei hausomewi, unashikishwa. Mtazameni mtoto wa kiume wa miaka 12 kwenye harusi ya jirani. Anajisogeza karibu na muziki. Anatumwa akaombe ekstensheni. Anafundishwa kukunja waya usije ukakatika ndani. Mwaka wa pili anaijua rangi ya kila jeki. Siku moja DJ anamwambia, "Dogo, shika hapa, naenda msalani." Dakika tano hizo ndizo chuo chenyewe. Wimbo unakaribia kuisha, jasho linamtoka, anauingiza mwingine, watu hawakuona kitu, na kuanzia hapo hashikiki. Akifika miaka 18 ana Virtual DJ kwenye laptopu ya mtumba na jina lake limechapwa kwenye fulana.

Binti wa rika lake alikuwa kwenye harusi ileile. Alikuwa nyuma ya nyumba anaosha sahani. Nyimbo zote alizisikia, pengine anazijua kuliko yule dogo, maana redio ya jikoni anashinda nayo yeye. Ila zile dakika tano hakuzipata. Angesogea kwenye spika angeitwa mara moja, tena kwa ukali: wewe, unatafuta nini kwa wanaume? Miaka sita baadaye tunakaa hapa tunasema hapendi. Tulimuuliza lini?

Wazee mliokaa hapa mnajua kwamba haikuwa hivi. Ngoma ya unyago haikuitiwa mwanamume. Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, dunia ilimjua kwa sauti, lakini Unguja walimjua vilevile kwa mikono. Alikuwa kungwi, akiupiga mwenyewe ule msondo, ngoma ndefu, ameufunga kiunoni na kupanua miguu juu yake. Mle ndani mpigaji, mwimbaji na mfundishaji wote walikuwa wanawake, na hilo lilikuwa sharti. Mwanamume kuwapo angeharibu shughuli. Ngoma ilipopata waya na plagi, sharti likafutika kimyakimya, wala hakikuitwa kikao. Siri za ndani zimebaki, somo amebaki, kanga zimebaki. Kilichobadilika ni chombo, na chombo kilipobadilika kikabadili mwenyewe.

Hata kabla ya plagi kufika ukumbini mgawo ulikwishaanza. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za His Master's Voice, sauti ilikuwa yake, na wapigaji wake walikuwa wanaume. Shaaban Robert, mtu wetu wa Tanga, aliona maisha ya mwanamke huyo yanastahili kitabu na akakiandika. Njooni miaka ya 1960, Tanga mjini, Black Star Musical Club wanaingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, pwani nzima inageuka kusikiliza. Shakila, binti wa Pangani, ndiye tunayemkumbuka kwa sauti, na alikuwa na haki ya kukumbukwa. Waya zilikuwa mikononi mwa wanaume. Mashine za Hale, hapa hapa wilayani kwetu, zilianza kuzalisha umeme kwa maji ya Pangani mwaka 1964. Umeme umepita mbele ya milango yetu miaka yote hiyo. Mtoto wa kiume akafundishwa kuchokonoa redio mbovu, wa kike akafundishwa asiguse, itampiga.

Na singeli! Hii inaniuma zaidi, kwa sababu imetokea machoni petu. Muziki huu wa Manzese na Tandale ulikulia kwenye vigodoro, shughuli za uswahilini ambazo wanawake ndio waliozijaza. Madijei walichukua vipande vya taarabu, wakavirudiarudia, wakavikimbiza, wanawake wakavicheza mpaka asubuhi. Leo singeli inatajwa Ulaya. Studio ya Sisso, Mburahati, santuri yake ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017 na vijana wakapanda ndege kwenda kupiga ughaibuni. Nafurahi kwa ajili yao, wamejituma kwa vifaa duni kabisa. Lakini hesabuni waliopanda ndege kama watengeneza biti, mtanionesha wanawake wangapi?

Studio ndiyo ngumu kuliko ukumbi. Mnajua prodyuza anavyotaja jina lake wimbo unapoanza, ni sahihi yake ile. Tajeni tuone: P Funk Majani, Master Jay, Hermy B, Marco Chali, Lizer Classic, S2Kizzy. Endeleeni mpaka vidole viishe, bado ni wanaume. Waimbaji mtanitajia Lady Jaydee, Nandy, Zuchu, na Khadija Kopa mama yake Zuchu, bila kuvuta pumzi. Mwanamke anaingia chumba cha kurekodia, anasimama upande wa maiki, na kioo kinamtenganisha na vitufe. Vyumba vya studio za mitaa yetu navyo tunavijua: kimoja, godoro ukutani la kuzuia mwangwi, mlango unafungwa ili kelele zisiingie. Binti aende humo kila siku kwa miezi kujifunza FL Studio, mtaa utasema nini? Na mwenye studio atamdai nini? Kumtaka mtu kimwili ili umpe nafasi ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 pale mwenye mamlaka anapoyatumia vibaya, ila binti wa Mkata anayetaka kujifunza biti hana ofisi wala cheo cha kumlinda. Anachoweza ni kuacha. Ameacha, nasi tukaandika hapendi.

Msiniambie pia kwamba ni ushamba wa Handeni. Marekani, wenye studio za kila aina, watafiti wa Annenberg wa Chuo Kikuu cha Southern California walihesabu nyimbo zilizotamba kati ya 2012 na 2021, wakakuta katika kila maprodyuza 100 wanawake hawafiki 3. Tatizo ni la dunia. Ila wapo majirani waliolikabili. Uganda, DJ Rachael alianza kupiga miaka ya 1990 wakati hakuna wa kumfuata, kisha akaanzisha Femme Electronic ili wenzake wafundishwe mashine. Kenya, Pierra Makena alijulikana kwanza kwa uigizaji, leo ukimtaja ni DJ. Unguja, mwaka 2009 Mariam Hamdani alikusanya wanawake watupu wakawa Tausi: udi wanapiga wao, ganuni wao, fidla wao. Hakungoja taarabu iwaruhusu.

Kilichonigusa kwa Tausi na Femme Electronic ni chumba. Mwanamke alipata mahali pa kukosea bila mwanamume kumpokonya chombo. Maana tunapokonya jamani, hata wenye nia njema. Binti akishika miksa sekunde kumi, mkono wa mtu umeshapita juu ya wake: ngoja nikuoneshe. Na hasara tunaipata wote. MC wetu wa kike sauti zao zinakwaruza na maiki inapiga mluzi, tunasema wana sauti kali. Kumbe vitufe vya miksa viliachwa vilivyo tangu mkutano wa jana aliposema mzee mwenye sauti nzito. Mwenye sauti nyembamba akiwa mezani hilo angelirekebisha kabla ya salamu.

Sasa fedha, maana kijiwe bila hesabu hakikubali. Sheria inataka kila halmashauri itoe asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kama mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Vikundi vya akina mama vinanunua nini? Maturubai, viti, masufuria makubwa, vitambaa vya mapambo. Sherehe ikija, kila kitu kinatoka kwao kasoro muziki, na muziki haumo kwenye vitu vya bei ndogo katika bajeti. Kikundi kinachomiliki viti mia mbili kinashindwaje kumiliki spika mbili, miksa na laptopu, kikamweka binti wa mwanachama mezani? Mwenye kikundi anamjua mwenye shughuli, anajua inaisha saa ngapi, na atarudi naye nyumbani kwenye gari lilelile la viti. Hata lile swali la usiku limepata jibu lake hapo.

Wakisubiri mkopo, mashine zipo. Tunaziona, muziki mwingi wa Korogwe na Handeni unalala stoo Jumatatu mpaka Alhamisi. Nilipendekeza mabinti wa kikoba kimoja wapewe alasiri mbili kwa wiki, mchana kweupe, mlango wazi, mama mmoja akikaa nao. Mwenye muziki aliyekuwa amekaa hapa hapa kwenye benchi akauliza, "Wakiunguza amplifaya, nani ananilipa?" Swali la haki. Mama muuza kashata, ambaye ni mweka hazina wa kikoba chao, akalijibu kabla sijafungua mdomo: kikoba kina mfuko wa jamii, wa misiba na maradhi, na wanachama wakipiga kura unaweza kubeba na amplifaya. Akamtaka mwenye muziki ataje bei ya amplifaya papo hapo, na siku ya kuanza. Mwenye muziki akasema atamjibu Ijumaa.