Nahodha Wengi na Godoro Moja

Ukiwauliza watu wa mwambao wa Kilwa namna ya kutoka Pande kwenda Masoko kwa tanga wakati wa kusi, watakutazama kama mtu aliyeuliza njia ya kwenda jikoni kwake mwenyewe. Upepo unatoka kusini, wewe unaelekea kaskazini. Shida iko wapi? Na wakikuona umeingiwa na hofu ya mawimbi, watakupoza: pita njia ya ndani. Usitoke bahari kuu. Jipenyeze katika mkondo ulio baina ya kisiwa cha Songo Mnara na bara, mikoko kushoto na kulia, maji yametulia tuli, hadi unaibukia mbele ya Kilwa Kisiwani na nguo zako kavu. Washauri wa aina hii ni wengi sana pwani. Wao wenyewe, kwa uchunguzi wangu, husafiri kwa bodaboda.

Sina ugomvi na njia ya bahari. Sisi wa kusini hatukuwahi kuiamini barabara moja kwa moja. Wazee wanakikumbuka kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, enzi ambayo mvua ikikolea Rufiji basi la Lindi linageuka makazi ya kudumu. Na Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu pale Somanga, tulikumbushwa kwamba hata lami ina kupwa na kujaa kwake.

Tatizo la njia ya ndani ni jingine. Bahari ya nje hukutisha, ya ndani hukuchelewesha. Mtu aliyetishika hunyamaza akasoma dua. Mtu aliyecheleweshwa huongea. Wahenga waliosema nahodha wengi chombo huenda mrama, nina hakika waliitunga methali hiyo wakiwa wamekaa juu ya fungu la matope wakisubiri maji. Mashua yetu ilikuwa na nahodha mmoja wa kweli, mtu mfupi wa maneno machache, na mabaharia wawili vijana. Waliobaki wote tulikuwa manahodha wa kujitolea.

Nahodha alikuwa ametuambia tunang'oa nanga saa kumi alfajiri, na hakuwa akitania. Zilikuwa siku za bamvua, mwezi mpevu, na kwa mwambao huu maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi na kupwa karibu na saa nne, usiku na mchana, na yakipwa hushuka mita 3 au zaidi. Hesabu hiyo kila mtoto wa Pande anayo kichwani kabla hajajua kusoma. Ukiondoka saa kumi una mkondo mzima wa kujidai. Ukichelewa unaanza kuyafukuza maji, nayo yamekutangulia.

Tuliondoka jua likichomoza. Sababu ilikuwa godoro.

Lilikuwa godoro jipya la sita kwa sita, bado limo ndani ya nailoni yake, limenunuliwa Lindi mjini kwa ajili ya binti wa Pande aliyekuwa akiolewa Kivinje. Mlinzi wake alikuwa somo wa huyo binti, mama wa makamo mwenye kanga mbili na sauti ya kutosha watu wanne. Sheria zake zilikuwa nyepesi kukumbuka: lisilowe, lisikunjwe, lisikaliwe. "Sitaki makalio ya mtu kwenye godoro la mwari wangu," alitutangazia kabla hatujapeana hata salamu. "Lina mwenyewe, na mwenyewe bado hajalionja." Kulipandisha chomboni gizani bila kulilowesha, likiwa kichwani mwa watu wanaotembea ndani ya maji ya kiuno, kulikula muda wote ambao mwezi ulikuwa umetupangia. Hatimaye likasimamishwa ubavuni mwa mlingoti, likakazwa kwa kamba ya nazi. Nahodha alilitazama kwa muda mrefu. Akatazama maji. Akasema, "Haya."

Asubuhi ilitupokea vizuri, nisiseme uongo. Umande ulikuwa bado unavuma kutoka bara, mwembamba na baridi, na mashua ikateleza bila kelele. Mwalimu mmoja mstaafu alitueleza mikoko aina kwa aina, huu mchu, ule mlilana, na ule unaosimama juu ya mizizi yake ni mkoko wenyewe. Alipofika kwenye mkandaa, kijana aliyekaa omo alimkatiza kuuliza kama kuna mahali pa kuchaji simu.

Kisha mkondo ukapinda, na hapo ndipo ujuzi wetu ulipoanza kumwagika. Tanga la mashua, kwa asiyelijua, linaning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu wa mshazari, na chombo kikigeuka mkia wake kwa upepo, foromali haina budi kuzungushwa mbele ya mlingoti ipite upande wa pili. Ni kazi ya sekunde chache kwa watu wanaoijua. Inahitaji kamba zilegezwe kwa pamoja, na inahitaji pale penye mlingoti pawe peupe. Pale penye mlingoti palikuwa na godoro.

"Literemsheni hilo!" nahodha akapiga kelele, mara ya kwanza na ya mwisho safari nzima.

"Literemshwe wapi?" somo akajibu. "Kwenye ngama? Kwenye maji yenu ya samaki?"

Babu mmoja aliyekuwa na kuku wawili akaagiza tanga litolewe upepo. Mwalimu akaagiza lishushwe kabisa. Kijana wa omo, ambaye baadaye alikiri kwamba hajawahi kupanda chombo kisicho na injini, akaagiza twende kulia. Mimi niliagiza kushoto, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa kwenye mashua. Mabaharia wawili, kwa adabu walizofundishwa nyumbani, walijaribu kuwatii wakubwa wote. Mashua haikumtii yeyote. Ilikwenda moja kwa moja mbele, ikapanda fungu kwa upole, ikakaa.

Hapakuwa na kishindo, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Unangoja hatari, unashika ubao, unamtaja Mungu, halafu unaona kaa mdogo anapita kando ya chombo kwa miguu.

Vijana waliingia majini na pondo, tukasukuma, tukashuka tukasukuma tena, na kila tulivyosukuma maji yalizidi kutuaga. Muda si mrefu mashua ililala ubavu na sisi wote tukawa tumeegemea upande mmoja. Kijana akatoa simu, akafungua ramani, akatuonesha kwa mshangao: kile kialama cha buluu kinachosema "upo hapa" kilikuwa katikati ya msitu, nchi kavu. "Simu hii imeharibika," akasema. Nahodha akasogea, akaiangalia ile ramani, akatazama matope yaliyotuzunguka pande zote. "Simu yako nzima," akamwambia, akaenda kulala chini ya tanga.

Babu wa kuku alitutaka tushukuru. Tumepanda fungu maji yakiwa yamekwisha kushuka, kwa hiyo yakirudi yatatunyanyua. Balaa, alisema, ni kupanda kileleni mwa bamvua, maana maji yanayofuata kila siku yanakuwa mafupi kuliko ya jana, hadi maji mafu, na unaweza kukaa hapo mpaka mwezi ubadilike. Alimjua mtu aliyekaa hivyo na shehena ya nazi. Alipotoka, nazi zilikuwa zimeota.

Maneno yale yakafungua mashindano. Mwalimu hakuwa mtu wa kushindwa na nazi. Akaja na manowari ya Kijerumani, Königsberg, ambayo Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji, hapo kaskazini yetu tu. Meli kubwa za Waingereza zikashindwa kuifuata kwa ufupi wa maji. Ikakaa humo hadi Julai 1915, walipoletwa Severn na Mersey, manowari mbili za tumbo bapa zilizojengwa kwa ajili ya mito, ndipo ikamalizwa. Mabaharia wake wengi waliugua malaria kwa kungoja. Wajerumani wakang'oa mizinga yake, wakaikokota na kuendelea na vita nchi kavu.

"Umeona?" somo akasema. "Wenye akili walishuka wakaenda kwa miguu."

Nikajaribu bahati yangu na Alan Villiers, Mwaustralia aliyekuwa bingwa wa meli za matanga, ambaye alipanda bumu la Kuwait na mwaka 1939 akajikuta naye katika delta hiyohiyo, wakipakia boriti za mikoko za kupeleka Ghuba kuezekea nyumba. Aliandika kitabu, nikasema, na Rufiji hakuisifu: joto, mbu na matope. Nilidhani nimefunga mjadala. Babu wa kuku akauliza kama Mzungu huyo alikuwa akilipa nauli au akilipwa. Nikasema sijui. "Basi hakukwama," akasema. "Aliyekwama ni yule aliyelipa nauli."

Mwalimu, ili kutupandisha moyo, akatukumbusha kwamba tumekaa katika maji yenye heshima. Magofu ya Songo Mnara yalikuwa pale ng'ambo ya mikoko, urithi wa dunia pamoja na Kisiwani tangu mwaka 1981. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, tano kwa hesabu, ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Australia! Tukatafakari kimya. Sarafu za Kilwa zilifika Australia, na sisi hatujafika Masoko.

"Hizo hazikubeba mizigo ya harusi," mmoja wa mabaharia akanong'ona, akidhani somo hasikii. Somo alisikia. Sitayaandika aliyomjibu, gazeti hili linasomwa na watoto.

Kuhusu haja za mwili nitapita haraka kama tulivyopita sisi wenyewe. Mashua haina choo; wanawake walipewa mikoko ya upande wa omo, wanaume ya upande wa tezi, na matope yalikuwa ya magoti pande zote mbili. Kijana wa simu alirudi na kandambili moja. Nyingine iko huko bado, na siku moja watu wa Mambo ya Kale wataichimbua pamoja na vigae vya Kichina na kuiandikia ripoti.

Maji yalirudi kwa njia ya wizi. Hukuyaona yakija, uliona tu kwamba kaa amepotea na matope yanang'aa. Adhuhuri ilikuwa imepita mashua ilipotikisika, ikainuka, na nahodha akaamka bila kuamshwa na mtu. Safari hii hakuna aliyetoa amri. Godoro likalazwa juu ya mizigo, foromali ikazungushwa, kazi ya sekunde chache kama nilivyosema.

Kumbe mchana kusi nayo ilikuwa imeamka. Tulipoibukia kwenye maji mapana tukiitazama Kisiwani, upepo ulitupiga mgongoni kwa nguvu zote ulizokuwa umeziweka tangu alfajiri. Mwalimu alikuwa amesimama, mkono umenyooka kuelekea Husuni Kubwa, anatueleza kuhusu Ibn Battuta aliyefika hapa mwaka 1331. Alifika mahali pa ukarimu wa sultani Hasan bin Sulaiman pale upepo ulipoingia chini ya godoro.

Lilinyanyuka lote, kamba na nailoni, likasimama wima angani, likatupita juu ya vichwa likielekea kaskazini. Somo alilishika pembe; nasi tukamshika somo. Pembe ikamponyoka. Godoro likaangukia bapa juu ya maji, na kwa kuwa nailoni haikuchanika, halikuzama wala halikulowa. Likaanza safari. Nahodha akateremsha tanga tulifuate kwa makasia, na hapo ndipo nilipoelewa wepesi wa kitu kisicho na abiria. Halikuwa na mwalimu, halikuwa na kuku, halikuwa na washauri. Lilichukuliwa na upepo na maji yanayojaa, vyote viwili vikienda linakokwenda, likawa dogo, likawa jeupe, likawa nukta.

Tulipofika Masoko, lilikuwa limekwisha kufika. Wavuvi wawili wa ngalawa walikuwa wamelikuta mlangoni mwa bandari, na sasa lilikuwa ufukweni limeegemezwa kwenye mnazi, na wao wamekaa mbele yake na uso wa watu wanaodai. Kitu cha kuokotwa baharini kina ujira wake, wakasema, na wakataja bei ambayo mtu angenunulia godoro la pili na mto juu.

"Shikamoo, mama," mdogo wao akaongeza, kulainisha.

"Marahaba. Mmelileta vipi?"

"Tulilivuta kwa kamba, mama. Huyu kaka alikaa juu yake alishike lisipinduke."

"Alikaa?"

"Alikaa, mama. Mpaka hapa."

Somo akamgeukia nahodha wetu. "Nahodha, kutoka mlangoni mpaka hapa nauli ni kiasi gani?"

Nahodha alifikiri. Alikuwa amevumilia ushauri wetu tangu jua linachomoza, na nadhani hii ndiyo mara ya kwanza mtu alimuuliza jambo siku ile. Akalizunguka godoro, akalipapasa nailoni, akataja nauli kubwa kuliko yetu sote. "Chombo kipya," akaeleza. "Halafu kinakwenda kasi."

Walibishana hadi adhana ya alasiri, kisha wavuvi wakajitwika godoro kichwani, mmoja mbele mmoja nyuma, wakalipeleka stendi bila kudai hata shilingi. Somo alifuata nyuma akiwaonya lisiguse ukuta. Kivinje ilikuwa bado mbele, nahodha angeelekea huko kesho yake, na babu wa kuku alimuuliza kama watakuwa pamoja. Mama yule hakugeuka. Alikuwa akipatana na dereva wa Noah bei ya kufunga godoro juu ya paa.