Ombi la Kuazima Wanajeshi

Kwa Waziri wa Ulinzi,
Ulinzi House, Nairobi.

Mheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Lanet, Nakuru, jirani wa chuo cha kijeshi ambako Rais huja kuwapa makadeti kamisheni ya kuwa maofisa. Gwaride lao ni safi ajabu. Ndiyo maana naomba kikosi kidogo kije kunyoosha foleni za matatu mjini. Zamu yetu tumeingoja tangu 2020.

Mwaka huo ndipo jeshi lilipogeuka duka la kuazimisha. Machi, Meja Jenerali mmoja alikabidhiwa uendeshaji wa Nairobi pamoja na takataka zake. Septemba, kiwanda cha nyama cha KMC kikahamishiwa wizara yako, na watu waliofunzwa kulenga shabaha wakajikuta wanasimamia matumbo na makongoro. Reli ya Nanyuki nayo ikafufuliwa kwa mikono yao. Februari 2023 walitumwa Kaskazini mwa Bonde la Ufa kuwasaka wezi wa mifugo. Juni 2024 wakaitwa kuwasaidia polisi walioelemewa na vijana waandamanaji wenye simu na chupa za maji. Sibezi kazi hizo. Treni ya Nanyuki ilipiga honi tena. Ila nimesoma Ibara ya 241 ya Katiba, ambayo orodha yake ya kazi za jeshi inaanza na kulinda nchi na mipaka yake, nikatafuta makongoro humo sikuyaona.

Mpakani je? Mwaka 2015 tuliahidiwa ukuta dhidi ya Somalia. Kufikia Machi 2019, Bunge lilipousimamisha mradi, shilingi bilioni 3.4 zilikuwa zimezaa kilomita 10 za waya na nguzo. Hiyo ni milioni 340 kwa kilomita. Kwa bei hiyo mpaka mzima, kilomita 680 hivi, ungetugharimu bilioni 231. Namshukuru Mungu kwa Bunge.

Kisha Agosti 2025 gavana wa Mandera akalalamika hadharani kwamba askari wa Jubaland, jimbo la Somalia, wamevuka na kupiga kambi mjini kwake. Wetu waliingia kwao Oktoba 2011 ili vita visitufikie. Wao wakaona si adabu kutorudisha ziara.

Lanet ina kumbukumbu, Mheshimiwa. Januari 1964, uhuru haujatimiza miezi miwili, askari wa kambi hii waliasi wakidai mishahara bora, na serikali changa ikawaita wanajeshi wa Uingereza kuwanyang'anya silaha. Wiki chache tu kabla ya hapo, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa upande wa mpaka huo huo wa Somalia. Sisi majirani wa kambi tunajua jeshi huweza kudhoofika huku bunduki zote zipo ghalani.

Usinielewe vibaya: sidai mwanajeshi ndiye wa kukagua pasipoti. Hiyo ni kazi ya uhamiaji na polisi. Lakini kila polisi wanaposhindwa mnawaazimisha wanajeshi, basi hakuna anayeuliza polisi walishindwa kwa nini. Matokeo yake yanasafiri kwa lori. Vijana wa Ethiopia wanaoelekea Afrika Kusini huvuka Moyale kwa njia za panya, hupita Isiolo, na mara nyingi hunaswa wakiwa wamefungiwa katika nyumba za kupanga Nairobi, zaidi ya kilomita 700 ndani ya nchi. Vizuizi vyote walivyopita havikuwa vya panya. Vilikuwa na askari, misumari, na nauli yake maalumu.

Kwa hiyo nina pendekezo lisilohitaji bajeti. Kwenye barabara ya Nakuru–Nairobi tuna askari wa trafiki wenye macho ya ajabu: saa sita mchana, jua la Gilgil likiwaka, wanaiona taa ya nyuma iliyokufa hata kabla gari halijasimama. Wahamishieni Moyale na Mandera na misumari yao. Hakuna atakayepita bure, na huenda mapato ya mwezi wa kwanza yakamalizia ule ukuta.

Mlipa ushuru,
Lanet.