Nani Kambeba Nani?

Baiskeli ni chombo cha kumbeba mtu, na kazi hiyo haijawahi kuigomea. Pwani yetu imeiona ikibeba madumu ya maji, magunia ya mkaa, matenga ya samaki, mikate ya asubuhi, kuku waliofungwa miguu, na jioni familia nzima: baba kwenye pedali, mama kwenye keria, mtoto mbele juu ya bomba. Mambo hupinduka mahali pamoja tu, nako ni bandarini. Mtu akishaamua kuvuka bahari na baiskeli yake ili akatembee siku mbili tatu, mbebwaji hugeuka mbebaji, na kile kilichokuwa farasi huwa mzigo wenye pembe nane usio na pa kushika. Kwa hiyo nadai hivi: anayetoka Dar es Salaam kwenda kuzunguka Unguja kwa baiskeli mwisho wa wiki, baiskeli yake aiache nyumbani.

Tuanze na umbo. Sanduku lina mpini, gunia lina masikio, hata mbuzi ana kamba shingoni. Baiskeli ukiishika fremu, usukani unageuka na kumgonga wa pembeni. Ukiushika usukani, pedali inazunguka na kukuchapa muundi. Ukiitupa begani, gurudumu linamtafuta aliye nyuma yako, na cheni inamwachia mzee wa watu mstari mweusi kwenye kanzu aliyoipigia pasi kwa ajili ya Ijumaa. Ngazi ya boti ni nyembamba, na nyuma yako kuna foleni ya watu ambao kila mmoja ana feni, godoro au ndoo yake. Mchukuzi, ambaye friji hulipandisha bila kukunja uso, akiletewa baiskeli huizunguka kwanza. Anajua friji hukaa pale lilipowekwa. Halafu linakuja suala la nauli. Baiskeli si abiria, kwani haina kitambulisho. Si gari, kwani boti za mwendo kasi hazipakii magari. Na mzigo wa mkononi haiwezi kuwa, labda kwa mwenye mikono minne. Bei yake basi hupatikana kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo yana tabia ya kuanza wakati honi imeshapigwa, saa ambayo mwenye baiskeli hana tena ubishi ndani yake.

Hapa atatokea mtu aseme: mbona Kigamboni watu wanavuka na baiskeli kila siku? Wanavuka kweli, na Likoni vilevile. Lakini angalia zinavyoingia. Pantoni huulaza mlango wake juu ya mteremko wa saruji, baiskeli ikapanda kwa magurudumu yake yenyewe, imesheheni matenga, mwenyewe kaikamata usukani kama anayemwongoza ng'ombe sokoni. Hakuna aliyenyanyua kitu, na kabla hujamaliza kukohoa mmeshafika ng'ambo. Ni hivyo hivyo kwa Waingereza wanaopandia meli Harwich kwenda Hoek van Holland, kule Uholanzi. Wao huingia tumboni mwa meli kwa mlango wa malori, wakaifunga baiskeli kwa kamba kwenye chuma, wakenda zao kulala, na wakiamka wako kwenye nchi iliyo bapa kama chapati, yenye njia za baiskeli peke yake. Wametengenezewa mteremko, sisi tuna ngazi. Siku boti zetu zitakapowekewa mteremko, makala haya yachanwe.

Wajanja watasema dawa ni kuifungua na kuitia kwenye boksi. Hao hawajakutana na pedali ya kushoto. Kila nati duniani, kila kifuniko cha chupa, hufunguka kwa kuzungushwa kushoto na kukaza kwa kuzungushwa kulia. Pedali ya kushoto ya baiskeli imekataa. Yenyewe hufunguka kulia, na si kwa ukaidi: ingekuwa na hesi za kawaida, mizunguko ya mguu ingeilegeza kidogo kidogo hadi ikaanguka barabarani. Ni ubunifu wa akili kweli, ila mtu aliyeamka alfajiri kuwahi boti hana habari nao. Hukaza kwa nguvu zote akidhani anafungua, akamwita jirani, jirani akakaza zaidi. Na hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika ng'ambo, nje ya geti la bandari ya Malindi, Unguja, juani, mbele ya madereva wa teksi, watoto wa shule na papasi wanne, ambao wote kwa siku hiyo ni mafundi. Mmoja anasema gurudumu limegeuzwa. Mwingine anashika cheni kwa vidole viwili na kusikitika. Papasi, mtu asiyependa kumwona mgeni akihangaika bure, anaulizia hoteli gani. Mwishowe baiskeli husimama, ikalia kengele, ikapigiwa makofi, na chini pale kwenye lami hubaki kipande kimoja cha chuma chenye tundu katikati ambacho hakuna anayejua kilitoka wapi. Hutiwa mfukoni. Ndicho kitu pekee kitakachorudi Dar bila mkwaruzo.

Sasa tufanye hesabu, maana hoja isiyo na hesabu ni porojo. Kuifungua nyumbani, saa 1. Kuifikisha gatini na kujadiliana, saa 1 na nusu. Baharini, saa 2 hivi. Kuifunga upya Malindi, saa 1. Jumla saa 5 na nusu, na Jumapili unarudia yale yale kinyumenyume, zinakuwa 11. Upande wa pili: kutoka mjini hadi Nungwi ni karibu kilomita 60, kwenda na kurudi 120. Kwa mwendo wa mtu asiyekimbizwa, kilomita 15 kwa saa, hizo ni saa 8. Basi baiskeli imekubeba saa 8, wewe umeishughulikia saa 11. Atasema mtetezi kwamba saa za baharini zisihesabiwe, kwa kuwa wakati huo boti ndiyo iliyowabeba wote wawili. Haya, tuzitoe, ingawa sijui nani hustarehe huku akisikia kishindo mzigoni kila wimbi likipiga. Zinabaki 7 kwa 8. Faida ni saa moja, nayo imekwenda kwenye pancha. Angekuwa anakaa wiki mbili, hapo nisingekuwa na neno: deni lingelipika na baiskeli ingeanza kuwa na faida. Ufupi wa safari ndio unaoiharibu hesabu.

Hoja nzito ya wapinzani ni hii: baiskeli za kukodi ni mbovu. Sibishi. Breki zake ni za kuombea dua, na madigadi huimba njia nzima. Lakini ubovu huo una mafundi. Dude la Phoenix likikata spoku mahali, hukosi chini ya mti fulani mzee mwenye ndoo ya maji, kopo la gundi na spoku ya aina hiyo. Mletee mashine yako ya gia 21 yenye tyubu ya mdomo mwembamba, pampu yake haishiki, na atakuamkia kwa heshima kama mtu aliyefiwa. Gia zenyewe za nini? Unguja ni kisiwa tambarare, kilele chake hakifiki mita 150. (Pemba ni habari nyingine, vile vilima vimeumbwa kwa ajili ya miguu ya watu wa Pemba.) Kinachomshinda mtu Unguja ni upepo na maji, na hivyo haviulizi bei ya baiskeli. Anayekwenda Makunduchi mwezi wa Julai kuona Mwaka Kogwa atapigana na kusi uso kwa uso njia nzima, na atafika pale wanaume wanapopigana kwa mikomba ya migomba akiwa yeye ameshapigwa. Na yule anayetaka kupita ufukweni kutoka Paje hadi Jambiani, kama wafanyavyo wenyeji maji yakipwa na mchanga ukawa mgumu, akumbuke kwamba kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Akifuata saa aliyoambiwa wiki iliyopita, atajikuta anaendesha baiskeli ndani ya bahari. Chumvi hiyo hula cheni. Ya kukodi imeshaliwa. Yako ndiyo kwanza inaonjwa.

Kuna pingamizi moja tu lisilonipa usingizi. Mtu aliyeizoea baiskeli yake ameizoea kwa sehemu moja ya mwili, na kiti cha kukodi, kilichokwisha sponji na kubaki chuma, hukumbukwa hadi Jumatano. Hapa nakubali kushindwa, kwa sharti. Kiti hushikwa na nati moja au mbili, hufunguka upande ule unaotarajiwa, na huingia kwenye mkoba pamoja na kanga na mswaki. Chukua hicho, na spana yake. Ukishuka Malindi na kiti kwapani, na papasi akikuuliza baiskeli yenyewe iko wapi, mwambie unaifuata.