Kibaraza Kisichomwangusha Mgeni

Tabora imezoea wageni. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilitua hapa, na mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa pamoja kwenye tembe la Kwihara, ambalo leo ni makumbusho. Mji wa namna hiyo haustahili vibaraza vya sementi iliyopauka, inayotoa vumbi kila ikifagiliwa. Basi tukipambe chako, ila kopo la rangi liache limefungwa kwanza.

1. Ngoja mvua ziishe. Mwezi Juni unafaa. Kama sementi ni mpya, iache ikomae siku 28.

2. Pima unyevu. Tandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zake zote kwa soltepu, ukalale. Kesho yake ukikuta jasho chini yake, subiri tena.

3. Sugua. Pikipiki inayolala kibarazani imeshainywesha sakafu oili. Tumia sabuni na brashi ngumu, suuza, acha ikauke. Kisha dondosha maji: yakinyweka, rangi itashika, yakisimama kama shanga, rudi kwenye brashi. Anayepaka juu ya vumbi amelipaka rangi vumbi, na siku ya kufagia atavitupa vyote viwili.

4. Kwangua niru. Ule ulaini unaojivunia ndio unaoinyima rangi pa kushika. Piga msasa mpaka kiganja kihisi mikwaruzo, kisha ziba nyufa.

5. Changanya rangi ya epoksi kidogo kidogo. Ina makopo mawili, la rangi na la dawa ya kuigandisha, na vipimo vimeandikwa juu yake. Ikishachanganywa huanza kuganda, na joto huiharakisha. Paka asubuhi, mikono miwili myembamba. Adhuhuri ya Tabora itakugandishia rangi ndani ya ndoo ukiwa bado unasimulia habari za mpira.

6. Nyunyiza mchanga mkavu, safi, laini, kwenye mkono wa kwanza kabla haujakauka. Sakafu inayong'aa kama kioo ni ya kutazamwa. Ikilowa, mgeni atakusalimu "Mwangaluka" akiwa chali. Ukitaka urembo, zungushia ukingo wa rangi ya pili.

7. Kinga dhidi ya jua. Epoksi ikipigwa na jua hugeuka manjano na kupauka, hivyo malizia kwa rangi ya juu ya poliyurethani inayohimili jua.

Mkono ukiwa mfupi, niru iliyochanganywa na oksaidi nyekundu bado ni sakafu ya heshima.

Fundi akikwambia "weka tu, bosi, itashika", mnunulie soda, mshukuru, umsindikize hadi njiani. Kisha mtafute yule atakayekuja na brashi kabla ya rangi. Huyo ndiye mpe kazi.